Sikanjabini Katika Bilauri ya Mvinyo

Katika Ihyaa, kwenye kitabu cha adabu za kusikiliza nyimbo, Imamu Ghazali ana mfano ambao wanawake wa darasa langu hucheka kila tunapoufikia. Chukulieni, anasema, watu wamekusanyika, wamelipamba baraza lao, wametoa vyombo vya kunywea ulevi pamoja na vikombe vyake, kisha wakamimina humo sikanjabini, yaani siki iliyotiwa asali. Wakamweka mnyweshaji awazungukie. Huyu anapokea, yule anapokea, na wanaambiana yale maneno ambayo walevi wamezoea kuambiana. Siki ni halali, asali ni halali, na hapana aliyelewa. Pamoja na hayo, Imamu anahukumu kuwa jambo hilo kwao ni haramu.

Wanacheka kwa sababu wanaona ni jambo lisilotokea. Nani atajisumbua hivyo kwa ajili ya siki?

Mimi nimewaona wanaojisumbua, tena wanalipa kwa dola. Wako Mji Mkongwe, juu ya paa la nyumba moja ya kale iliyogeuzwa hoteli, na sikupanda ngazi zile kwa matembezi. Mdogo wangu ana binti anayepiga kanuni. Amesomea kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na ana kikundi chake na wenzake: kanuni, fidla mbili, udi na dumbaki, na mwimbaji wanayemwalika. Mwishoni mwa wiki, baada ya Isha, hupiga kwenye baa ya paa hilo. Mama yake hapati usingizi. "Dada, wewe ndiye uliyesoma," aliniambia. "Nenda kamtazame kwa macho yako, ukirudi uniambie nimzuie au nimwache." Katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye vitabu, kwa hiyo kila linalotatiza, kuanzia eda mpaka kula kaa, huletwa barazani kwangu.

Mwenye baa ile ameipa sura ya jumba la sultani. Milango ya nakshi yenye njumu za shaba zisizowahi kuona mvua. Makandili, mazulia, mito ya hariri sakafuni, picha kubwa ya Beit al-Ajaib kabla haijaporomoka ile Desemba ya 2020. Ubani unafuka kila pembe. Wahudumu wamevaa kanzu na kofia za viua. Orodha ya vinywaji imeandikwa kwa herufi zilizopindwa-pindwa zifanane na za Kiarabu, na kila kokteli ina jina la mfalme: Said, Majid, Barghash, Khalifa. Iko pia Dawa, ile ya Nairobi ya vodka, ndimu na asali, isiyokuwa na usultani wowote. Naambiwa wageni hukasirika wasipoikuta.

Barghash ni jini, iliki na maji ya waridi. Niliitazama orodha ile kwa muda. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa Muibadhi aliyeungwa mkono na mashekhe wakali wa madhehebu yake, na ndiye aliyeleta Unguja mtambo wa chapa uliotoa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi. Sasa amekuwa jini. Lakini ni huyo huyo ambaye wazee wa taarabu humtaja kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Fikihi na kanuni zilikaa katika jumba moja la mtu mmoja, na hatujasikia kwamba moja iliifukuza nyingine. Mwenye baa ameichukua kanuni akaviacha vitabu. Wala sikuona katika orodha ile kokteli iitwayo Mkunazini, palipokuwa na soko la watu mpaka 1873. Historia ya kupambia ukumbi huchaguliwa.

"Shikamoo, bibi," kijana wa kanzu alinisalimia. Nikamwitikia, nikamuuliza kwao wapi. Marangu. Mlutheri. "Kanzu ni sare tu, bibi, nikimaliza zamu naivua." Alikuwa na sinia lenye bilauri mbili zilizojaa, na alipoutazama ushungi wangu akalisogeza sinia nyuma ya mgongo wake.

Kitendo kile kimenikaa kuliko yote niliyoyaona usiku ule. Kijana huyu ametoka kwa watu ambao mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ni kinywaji cha heshima. Huposewa wake kwayo, wazee hupewa, na asiyekuwa nayo siku ya shughuli huonekana hana adabu. Hakulelewa kuionea haya pombe. Ila alikuwa amevishwa nguo ya sala ya watu wengine, na mbele yake amekaa mwenye nguo hiyo hasa, akahisi kwamba kuna kitu hakikai sawa. Hakuna aliyemfundisha mlango wa kujifananisha. Aliujua kwa mgongo wake.

Nikaagiza ukwaju. Ulikuja katika bilauri ndefu yenye mguu, mdomoni imepakwa chumvi na pilipili, kijiti cha mdalasini ndani, kipande cha chungwa kavu juu, na kifuniko cha kioo kilichofungia moshi wa ubani. Kijana alikifunua mbele yangu, moshi ukatoka. Katika orodha ina jina la binti mfalme na iko chini ya vinywaji visivyo na ulevi. Mama mmoja wa Kizungu katika meza ya pili akaniinulia bilauri yake, akatabasamu, akasema lile neno lao la kunywea. Mkono wangu tayari ulikuwa umeshika ule mguu wa kioo.

Nilimwomba kijana kikombe cha kahawa. Nikaumimina ukwaju humo, nikanywa. Ulikuwa mzuri sana, nao si haba kwa bei yake.

Baadaye binti yetu alinitania: "Mama mkubwa, si ukwaju ule ule?" Ndiyo, ni ule ule. Na hapo ndipo lilipo suala zima.

Siku hizi jambo kama hili hujibiwa upesi kwamba Mungu anatazama moyo. Nimelisikia sokoni, nimelisikia kwenye simu, nimelisikia kwa vijana wanaotoka vyuo vikuu. Huishikilia hadithi ya matendo na nia kana kwamba ni ufunguo wa milango yote. Ghazali huyo huyo, katika kitabu chake cha nia, anaufunga mlango huo: maasi hayageuki kuwa mengine kwa sababu aliyeyatenda alikuwa na nia njema. Nia huinyanyua twaa na huweza kuigeuza ruhusa kuwa ibada, lakini haina nguvu ya kusafisha kila kitu. Kwa hiyo siwezi kusema "moyo wangu ulikuwa na ukwaju tu" nikaondoka.

Upande wa pili wapo wanaopima maji peke yake. Kama hayalevyi, ni halali, basi. Hawa nao hawamfahamu Imamu. Anapozieleza nyuzi na zumari, zile ala ambazo yeye na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wamezikataza, anasema wazi kuwa hazikukatazwa kwa ajili ya utamu wake. Ingekuwa utamu ndio sababu, kila kinachomfurahisha binadamu kingekatazwa. Anataja sababu tatu. Nyuzi huita ulevi, kwa sababu starehe yake haitimii kwa watu wake mpaka kikombe kije. Humkumbusha aliyeacha ulevi karibuni zile baraza zake, na kukumbuka huamsha hamu. Na ya tatu, ambayo ndiyo inayonihusu hapa, kukusanyika juu ya ala hizo ni alama ya watu wa ufasiki, na anayevaa alama ya watu amejiweka miongoni mwao. Katika mfano wa sikanjabini, baraza lile lote ni alama ya watu fulani, na aliyekaa humo ameivaa.

Mtu akiisoma sababu hiyo mbio mbio ataifunga kanuni ndani ya sanduku milele. Lakini Imamu anaendelea, na hapa nawataka wasomaji wangu waende pole pole. Anasema kuvaa kaba, aina ya joho, kumekatazwa katika nchi ambazo joho hilo ni vazi la waovu, lakini hakukatazwi ng'ambo ya mto Oxus, kwa kuwa kule watu wema wamezoea kulivaa. Vazi ni hilo hilo. Kilichobadilika ni nani analivaa katika mji upi.

Na alama hubadilika hata katika mji mmoja. Ujumbe wa Abdul-Qays ulipofika Madina, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza vyombo vinne vilivyokuwa vikitumiwa kutengenezea ulevi: kibuyu, mtungi uliopakwa rangi, chombo kilichopakwa lami na gogo la mtende lililochongwa. Ulevi ulikuwa umekatazwa na vyombo vikaukumbusha, vikakatazwa pamoja nao. Baadaye, watu walipokwisha kuzoea, akawaruhusu kunywa katika chombo chochote, ila wasinywe kinacholevya. Kibuyu hakikuoshwa kwa maji ya ajabu. Watu walikuwa wamebadilika, na kibuyu kikawa kibuyu.

Basi tuulize: katika Unguja, kanuni ilikuwa alama ya nani?

Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa akiandika juu ya barabati na ala za nchi zake, ambako mpiga nyuzi na mbeba chupa walikuwa wakiingia kwa mlango mmoja. Huku kwetu mambo yalikwenda vingine. Vijana walioanzisha klabu ya Ikhwani Safaa mwaka 1905 walichagua jina la wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, watu walioandika risala hamsini na kitu, mojawapo juu ya muziki. Mtu anayetafuta jina la kulewea haendi Basra kulitafuta kwa wanafalsafa. Siti binti Saad, aliyekuwa akiuza vyungu kabla hajakwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani za santuri, aliimba kwa lugha ya watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji huu, mambo ya watu wa Ng'ambo: hakimu, tajiri, mwanamke aliyedhulumiwa.

Mimi nimezaliwa Ng'ambo. Kanuni niliisikia kwenye harusi na Sikukuu, nimelala juu ya mapaja ya bibi yangu. Kulikuwa na kahawa, halua, sharubati ya waridi iliyomwagika kwenye khanga za watu. Huanza bashrafu, wanaume wanavuta pinde zao kwa taratibu kama watu wanaosoma, halafu mwimbaji huingia na beti zilizofumbwa. Kutuza hakukuwa sadaka. Mwanamke aliinuka na noti yake pale tu beti ilipofika kwenye jambo lake, akapita mbele ya yule iliyemhusu, akarudi kukaa. Ukumbi mzima ulijua. Ilikuwa kama barua inayosomwa kwa sauti, na aliyeandikiwa yumo ndani. Ulevi uliokuwapo ni huo. Kwa kipimo cha Imamu mwenyewe, cha joho la ng'ambo ya Oxus, sioni kwamba kanuni katika mji huu ilikuwa vazi la mafasiki. Ilikuwa vazi la mama zetu. Wako mashekhe ninaowaheshimu watakaonikatalia hapa, nao wana hoja zao. Hii ni yangu na ninaisimamia.

Sasa rudini nami juu ya paa. Binti yetu aliiweka kanuni magotini, akavaa zile pete zenye ncha kwenye vidole vya shahada, akaanza kukaza nyuzi zake sabini na kitu. Alikaza muda mrefu, kama inavyotakiwa. Wakaanza bashrafu ya makamu ya Nahawandi. Nilijua kwamba anapiga vizuri. Sikujua kwamba anapiga vile. Pale kanuni inapobaki peke yake na fidla zikanyamaza, mikono yake ilikwenda kwa uhuru ambao haufundishwi. Kisha mwimbaji akaingia na wimbo wa zamani wa mafumbo, ule ambao kwa bibi yangu ungewainua wanawake watatu na kumtoa mmoja analia. Juu ya paa hakuinuka mtu. Bwana mmoja aliipiga picha Barghash yake. Wengine walizungumza, kwa adabu, kwa sauti ya chini. Ulipokwisha walipiga makofi. Hawakuwa na ubaya wowote, hawakuandikiwa wao.

Na ubani ulifuka, na mnyweshaji wa kanzu alizunguka, na bilauri ziligongana, na nyuzi zikalia. Nikaona kuwa baraza la Ghazali limejengwa upya, kipande kwa kipande, na vijana wasiomsoma, katika mji ambao haukuwa nalo. Mdogo wangu alikuwa akiogopa kwamba kanuni itampeleka mtoto kwenye ulevi. Mimi niliona kinyume chake: ulevi ndio unaoichukua kanuni. Mtoto ni mzima, anakunywa maji ya chupa na kusali Isha yake kabla ya kupanda ngazi. Ala ndiyo inayohamishwa. Inatolewa kwa watu waliokuwa wakiitikia na kupewa watu wanaopambia nayo, na baada ya miaka michache itakuwa kweli, kwa mujibu wa fikihi iliyo safi kabisa, kwamba kanuni Unguja ni alama ya mabaa. Niliwauliza watoto wa chuoni kwangu kanuni inasikika wapi. Hotelini, wakasema. Hakuna aliyesema harusini.

Kuna waliosikia habari hii wakanikumbusha hadithi inayokataza kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi. Naijua. Nilikaa meza ya peke yangu kando ya ngazi, na najua pia kwamba kuna atakayesema paa lote ni meza moja. Sitabishana naye. Nilikwenda kama anavyokwenda shahidi, na sina haja ya kurudi.

Lililobaki ni ujira, na hili ndilo gumu. Hadithi ya waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi inawataja kumi: anayekamua na anayekamuliwa, mnywaji, mbebaji na anayebebewa, mnyweshaji, muuzaji, mnunuzi na anayenunuliwa, na mlaji wa thamani yake. Mpiga kanuni hayumo kwa jina. Lakini mlaji wa thamani yumo, na mshahara wa binti yetu unatoka kwenye kisanduku kimoja na pesa za jini, ijapokuwa kisanduku hicho hicho kina pesa za vyumba, za samaki na za ukwaju wangu. Mali iliyochanganyika hivyo wanavyuoni wetu wameitaja: kufanya muamala na mwenye mali hiyo ni karaha, na haifiki haramu maadamu hujui kwamba hiki unachokipokea ndicho chenyewe. Hiyo ni nafasi ya kupumulia, si nyumba ya kuishi.

Nilimuuliza, tukiwa kwenye ngazi anafunga ala yake ndani ya mfuko, kwa nini hapigi kwa watu wa kwao. Alinijibu bila hasira. "Harusi zetu zinataka kinanda na spika kubwa, mama mkubwa. Wakituita, huambiwa wewe si mtoto wetu, njoo utie baraka. Nauli ya teksi ya kubebea kanuni natoa mimi. Hapa wananilipa usiku ule ule." Sikuwa na kitabu cha kujibia hayo.

Hukumu niliyompa mdogo wangu ni hii. Nyuzi za kanuni kwa mtoto huyu si haramu. Ujira wake ni karaha, na autoke mara tu atakapopata pa kutokea. Kukaa pale kustarehe, kwa mimi na wewe, hapana, hata kama bilauri ina ukwaju. Na kumzuia leo, wakati hatujampa mahali pengine pa kupiga, si haki. Ni kumwambia aivunje kanuni kisha tujisifu kuwa tumelinda dini.

Mfunguo Mosi unakaribia na harusi zitakuwa nyingi. Aliye na shughuli, nyumbani au ukumbini, aje kwangu nimkutanishe na kikundi cha vijana wale. Wanapiga bashrafu tatu na nyimbo za wazee, hawahitaji spika, na wanataka malipo yao usiku ule ule, pamoja na nauli ya kanuni.